DHIHAKA YA SHULENI INAYOMRUDISHA MTOTO KWA NGARIBA



Lipo neno moja la Kikurya ambalo mwalimu aliyehamishiwa Tarime au Serengeti kutoka mkoa mwingine aweza kulisikia mwaka mzima pasipo kulitambua. Hulisikia uwanjani wakati wa mapumziko, hulisikia bombani watoto wanapochota maji, na pengine hulisikia darasani mle mle, nyuma ya mgongo wake, anapoandika ubaoni. Watoto hucheka, mmoja hacheki, bali huinamisha uso juu ya daftari. Mwalimu hugeuka, huliona darasa limetulia, naye huendelea na somo lake la hesabu.

Neno hilo ni omosagane, ambalo kwa Kiswahili cha kule hutamkwa msagane. Kwa asili ni jina tu la daraja la umri: msichana ambaye hajapitia tohara, kama vile mvulana wa hali hiyo aitwavyo omorisia. Lakini katika kinywa cha mtoto anayeonea wenzake, neno hilo huwa na maana nyingine kabisa. Huwa ni kusema kwamba huyu si mtu kamili, ni mchafu, ni mtoto hata akiwa na miaka kumi na saba, hatapata mume, na akimpata hatahesabiwa miongoni mwa wanawake wa ukoo. Yote hayo yamo katika neno moja linalotamkwa kwa nusu ya pumzi, na mwalimu asiyejua Kikurya hana habari.

Uonevu wa watoto shuleni si jambo la Mara peke yake. Hakuna shule, iwe ya Dar es Salaam au ya London, isiyokuwa na mtoto anayesumbuliwa kwa sababu ya umaskini wake, kilema chake, ngozi yake au lafudhi yake. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeanza kulichunguza jambo hilo nchini Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea nalo Norwei, alifundisha kwamba uonevu una dalili zake: hufanywa kwa kusudi la kuumiza, hurudiwa tena na tena, na anayeonewa hana nguvu sawa na anayemwonea. Dalili hizo zinatosha kuondoa kisingizio ambacho walimu wengi hukipenda, kwamba watoto wanataniana tu. Utani una sheria zake, na Mtanzania yeyote anazijua: mtani hutania na hutaniwa, na wote wawili huondoka wakicheka. Msichana anayeitwa msagane hana la kumjibu mwenzake. Hapo hapana utani.

Hata hivyo, dhihaka ya Tarime na Serengeti ina jambo moja linaloitenga na dhihaka nyingine. Mtoto mwenye kilema akichekwa, hana la kufanya ila kuvumilia au kutetewa. Mtoto asiye na viatu hungoja siku baba yake atakapouza mahindi. Bali huyu msichana huonyeshwa dawa siku hiyo hiyo anayotukanwa, na anayemwonyesha ni yule yule anayemtukana. Dawa yenyewe ni wembe wa ngariba. Akiukubali, neno hilo halitamfuata tena. Ndiyo sababu wazazi, wauguzi na walimu wa wilaya hizo wamekutana na jambo ambalo mgeni hulishangaa: msichana wa darasa la sita au la saba, ambaye hakulazimishwa na baba wala babu, anaomba mwenyewe akeketwe, au anatoroka kwao kwenda kwa bibi ambako anajua hatakataliwa.

Inafaa kuelewa kalenda ya jambo hili, kwa sababu mzazi asiyeielewa huzungumza na mtoto wake akiwa amechelewa. Kwa koo nyingi za Wakurya, misimu mikubwa ya esaro, yaani sherehe za tohara, huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa. Wazee wa mila wa kila ukoo ndio wanaokubaliana juu ya wakati. Katika siku hizo barabara za vijijini hujaa watu. Aliyetoka kukatwa hutembezwa akiwa amevikwa khanga mpya, amefunikwa mwavuli, noti zimebandikwa kwenye nguo yake, na nyuma yake ndugu wanaimba na kupuliza pembe. Ng'ombe au mbuzi huchinjwa. Kwa mtoto ambaye pengine hajapata kununuliwa kitu kipya tangu sare ya shule, hiyo ni siku ambayo dunia nzima imemtazama yeye. Kisha huja Januari. Kengele inalia, na darasa lililokuwa moja mwezi wa Novemba limerudi likiwa madarasa mawili.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu kinachomwadhibu mtu mwenye dhamana ya msichana wa chini ya miaka 18 anayemkeketa au kusababisha akeketwe: kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote pamoja. (Faini hiyo leo haifikii bei ya ng'ombe mzuri mnadani, na wenye mifugo wanalijua hilo kuliko mahakimu.) Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtendea mtoto ukatili wa namna yoyote, zikiwamo mila zinazomdhalilisha au kudhuru mwili na akili yake. Na yamekuwapo mafanikio. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha 10. Na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 8. Lakini katika mwaka huo wa 2015 na 2016, wakati taifa zima lilikuwa na 10, Mkoa wa Mara ulikuwa na 32. Sheria imeufanya wembe uogope mchana. Umehamia usiku, umehamia kwa watoto wadogo zaidi ambao hawawezi kusema, na mara nyingine umevuka mpaka wa Sirari kwenda upande wa Kenya, ingawa huko nako ipo sheria tangu mwaka 2011. Ulimi hauna hofu ya aina hiyo. Hapana polisi aliyepata kumkamata mtoto wa miaka kumi na miwili kwa neno alilomwambia mwenzake chini ya mwembe wa shule.

Basi hapa ndipo mzazi anapoingia, na hasa yule mzazi ambaye tayari ameamua. Wilaya hizo leo zina wazazi wengi wa namna hiyo: walimu, makarani, waganga wasaidizi, maofisa ugani, watu waliozaliwa na kukulia Nyamwaga, Muriba, Nyamongo au Mugumu, waliosoma na kukata shauri kwamba binti zao hawatakatwa. Uamuzi huo si mdogo. Wengine wamegombana na baba zao kwa ajili yake. Lakini mzazi huyo akishaamua huona kwamba shauri limekwisha. Hamwambii mtoto neno lolote, kwa kudhani kwamba jambo lisilotendeka halihitaji maelezo. Mtoto, kwa upande wake, hajui kwamba lilikuwapo shauri. Anachokijua ni kwamba wenzake wamepelekwa naye hakupelekwa. Akili ya umri huo hulitafsiri jambo hilo kwa njia yake: labda baba hana fedha za sherehe, labda hawampendi, labda, kama wanavyosema uwanjani, yeye kweli ana kasoro. Uamuzi wa mzazi haukumlinda. Umemwacha peke yake mbele ya kundi, hana hata neno moja la kujibu.

Mazungumzo hayo yaanze lini? Yaanze kabla ya msimu, mtoto akiwa na miaka minane au tisa, wala yasingoje siku atakaporudi analia. Yasiwe baraza. Mtoto anayeitwa sebuleni, akaketishwa kwenye kiti mbele ya wazazi wawili wenye nyuso nzito, hudhani amekosa, na atakubali kila neno ili aachiliwe. Njiani kwenda shamba, wakati wa kupura mahindi, jikoni wakati wa kumenya ndizi, mzazi na mtoto wakiwa na kazi mikononi na macho yakiwa hayatazamani, ndipo maneno ya namna hii hutoka kwa urahisi. Wala kikao kimoja hakitoshi. Mtoto huuliza nusu ya swali leo, na nusu yake baada ya miezi miwili.

Wapo akina baba wasemao kwamba hayo ni ya mama yake. Kwa desturi kauli hiyo inaeleweka, maana baba wa Kikurya hakuzoezwa kuzungumza na binti yake habari za mwili. Aliye huru kucheka na mjukuu na kumwambia mambo ya faragha ni bibi. Lakini msichana huyo si mjinga. Anajua nyumba inavyotawaliwa. Anajua kwamba mama aweza kusema hapana, na kesho babu na wajomba wakakaa chini ya mti wakasema ndiyo. Neno la mama peke yake halimpi usingizi. Kinachotakiwa kwa baba si somo refu juu ya maumbile. Ni maneno machache, yasemwe wazi mtoto akiyasikia, na ikiwezekana babu naye akiwapo: "Binti yangu, katika nyumba hii hakuna atakayekukata. Nimeamua mimi baba yako. Mtu akikuuliza, mwambie aje aniulize mimi." Sentensi hiyo ya mwisho ni silaha. Mtoto aliyeulizwa uwanjani kwa nini hajakatwa anakuwa na mtu mzima wa kumtaja, na mzigo unahama kutoka mabegani mwake.

Kazi ya mama ni ngumu zaidi, na haipati kusemwa sana kwenye semina. Akina mama wengi wa Kikurya wenye mabinti wa umri wa shule wao wenyewe walikatwa. Itafika siku binti atauliza: "Mbona wewe, mama?" Mama akinyamaza, mtoto huona kwamba kipo kizuri ambacho mama anacho na yeye ananyimwa. Mama akisema uongo, ukweli atauambiwa na shangazi. Na akiwatukana waliomkata, atakuwa amemtukana bibi, ambaye mtoto anampenda na ambaye pengine ndiye anayemlaza. Hapana njia ila kusema lililotokea: kwamba alikatwa, kwamba wakati ule hakuna aliyemuuliza, kwamba waliofanya hivyo hawakumchukia bali walifuata walichorithi, kwamba aliumia, akatoka damu, na wakati wa kuzaa akalipa tena. Mtoto aliyeyasikia hayo kutoka kwa mama yake huwa na jambo ambalo kundi zima la uwanjani halina, nalo ni habari ya kweli. Wenzake wanajua khanga na mwavuli. Yeye anajua kilichofuata.

Mfano wa nguvu ya maneno ya namna hiyo uko wazi katika maisha ya Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara anayejulikana sana kwa kazi ya kuwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na nusura apoteze maisha kwa kutokwa damu, na jambo hilo amelieleza hadharani mara nyingi. Mwaka 2014 nyumba salama ilifunguliwa Mugumu, Serengeti, naye akaisimamia. Mwaka 2017 akaanzisha shirika lake lenye kuendeleza kazi hiyo Serengeti na Butiama. Tarime nako kipo kituo cha Masanga, kilichoanzishwa na watawa wa Kanisa Katoliki, ambako mamia ya wasichana hukusanywa wakati wa msimu na kufundishwa. Wasichana wanaofika katika vituo hivyo hawakukosa ujasiri. Wengine wametembea usiku kucha. Lakini msimu ukipita, walio wengi hurudishwa kwa wazazi baada ya maofisa wa ustawi wa jamii kupatana na familia, nao hurudi katika shule zile zile. Anayelala salama nyumbani bado anapaswa kukaa dawati moja na wenzake kuanzia saa mbili asubuhi.

Mazungumzo ya mzazi yana maneno yasiyofaa pia. La kwanza ni "wapuuze." Mtu mzima mwenyewe akisemwa ofisini halali usiku, vipi mtoto atapuuza neno analoitwa kila siku? "Wapige" nalo halifai, kwa sababu waonevu ni wengi naye ni mmoja. Na lipo kosa la tatu, linalotendwa na wazazi wasomi kuliko wengine: kumfundisha mtoto awadharau waliokatwa, awaite washamba na watu wa giza. Hapo mzazi amebadilisha mwonevu tu. Wale waliokatwa hawakuchagua, na baadhi yao walishikwa mikono na miguu.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, maana uonevu huu hauwezi kukomeshwa na wanaoonewa peke yao. Ni nani hasa anayetamka neno hilo kwa ukali? Aghalabu ni msichana aliyekatwa Desemba iliyopita. Aliahidiwa kwamba maumivu yale yangempandisha juu ya wenzake. Amerudi shuleni na kidonda ambacho pengine hakijapona vizuri, na amemkuta mwenzake aliyebaki mzima anacheka, anaruka kamba na kupata alama nzuri. Kama mwenzake naye ni mtu kamili, basi yeye aliumizwa kwa sababu gani? Kila anapomwita mwenzake msagane anailinda bei aliyoilipa. Mtoto kama huyo akichapwa fimbo mbele ya mstari, ataacha kulitamka neno hilo karibu na ofisi ya walimu, basi. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, amwulize anaendeleaje, ampeleke zahanati kama ipo haja, na amweleze kwamba heshima yake haikutegemea wembe na haitategemea kumdhili mwenzake. Mzazi wake akiwa mtumishi wa serikali, aitwe na aambiwe hivyo hivyo bila ya kutishwa.

Wavulana wana habari yao, iliyo fupi zaidi lakini isiyofaa kusahauliwa. Tohara ya mvulana katika hospitali si ukatili, na mpango wa serikali wa kuitoa tohara hiyo kwa usalama umefika Mara. Hata hivyo, yule aliyetahiriwa hospitali kwa sindano ya ganzi huweza kuitwa mwoga na wale waliosimama mbele ya ngariba bila ya kupepesa jicho. Na yapo mengine: mvulana aliyekwisha kuhesabiwa mtu mzima nyumbani huona ugumu kukemewa darasani na mwalimu wa kike. Baba anayemwambia mwanawe kwamba uanaume ni kumlinda dada yake dhidi ya maneno ya uwanjani amefanya kazi kubwa, kwa kuwa dhihaka za wavulana ndizo zinazomtia msichana hofu ya kukosa mume.

Kwa upande wa mwalimu, jambo la kwanza ni lugha. Mwalimu mgeni na amwombe mwalimu mwenyeji, au mzee wa kamati ya shule, amfundishe maneno ya matusi ya mahali hapo kabla ya kufundishwa salamu. Asiyejua tusi hawezi kulizuia. La pili ni kukumbuka kwamba mtoto anayeonewa mara nyingi hasemi. Huonekana kwa kuchelewa kila siku, kwa kukaa peke yake, kwa kusingizia tumbo mara kwa mara, na kwa alama zinazoshuka kuanzia muhula wa kwanza. Tangu mwaka 2021 serikali imeanza kuweka shuleni dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, na mwalimu wa unasihi yupo katika shule nyingi, hata kama ana vipindi thelathini kwa wiki na hana chumba cha kuongelea. Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Ipo pia simu ya 116 ya kumsaidia mtoto, ambayo mpigaji hatozwi; inafaa iandikwe ukutani mahali watoto wanapopita, wala isifichwe ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwa dalili za hatari, yaani mtoto anayetajwa kwamba "atasafiri kwa bibi" mwezi wa Novemba wa mwaka wa msimu, mwalimu asingoje uhakika. Amweleze ofisa ustawi wa jamii mapema.

Lipo moja zaidi kwa mzazi aliyekwisha kuamua. Desemba ya msimu isipite nyumbani kwake kama siku za kawaida. Wenzake mtoto huyo wanavikwa na kuimbiwa; yeye asiachwe anatazama barabarani kupitia dirishani. Achinjiwe mbuzi, kama uwezo upo, au hata kuku. Anunuliwe nguo. Majirani na wajomba waalikwe, na baba aseme mbele yao sherehe hiyo ni ya nini: kwamba binti yake amemaliza darasa fulani, anakua, na ukoo unamtambua. Masanga wameliona jambo hilo mapema, ndiyo maana msimu wao humalizika kwa sherehe. Ukoo wa Kikurya haukukosea kwa kumfurahia mtoto anayekua. Kosa liko kwenye wembe.

Kisha, siku shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, baba na aombe ruhusa ya saa mbili ofisini. Vijijini baba haonekani mara kwa mara akimsindikiza binti shuleni, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu atamwona: wauza maandazi, walimu, na lile kundi lililokaa chini ya mti likingoja kengele. Hana haja ya kuhutubia. Amfikishe hadi mlango wa darasa, amsalimie mwalimu, amtaje mtoto kwa jina lake, na aondoke polepole.